Hereni, tatuu, chipu au kukata masikio? Alama gani haitoki kwa mfugo wako

Wadau wa Goba, Chanika na Kigamboni wananiuliza sana "dokta, alama gani ya kudumu ni nzuri?", na mimi huwa nauliza kwanza, nani ataisoma na ataisoma lini? Wewe bandani asubuhi unataka kujua yupi alichomwa dawa juzi ili maziwa yake usiuze, hiyo ni kazi moja. Mbuzi kaibiwa, umemkuta Pugu mnadani na aliyemshika anaapa ni wake, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Hakuna alama moja inayozifanya zote mbili vizuri, ndo maana mimi nasema weka mbili.

Hereni ya plastiki ni nzuri kwa ile ya kwanza, unaisoma umesimama mlangoni. Lakini inatoka jamani, mbuzi anaingiza kichwa kwenye wavu, anavuta, sikio linachanika, na mwizi yeye ana kisu tu. Ukiivalisha, ipite katikati ya yale matuta mawili ya gegedu, kwepa mishipa ya damu, pini iingilie nyuma ya sikio, na kwa mtoto acha nafasi kwa sababu sikio litanenepa. Kama unaweza usifanye wakati wa mvua, nzi wanakuwa wengi na kidonda kikipata funza utajuta.

Kuna watu wanasema mbona serikali inavalisha hereni, inatosha. Ni kweli tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu 2010, na ile kampeni ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa Bariadi, Simiyu, Juni 2025. Hereni hiyo usiitoe wala usihamishie mnyama mwingine, andika namba yake kwenye daftari lako. Ila nayo ni hereni, inaweza kutoka kama hereni nyingine.

Kwa mbuzi wa maziwa na sungura, alama ya pili ninayoipenda ni tatuu ndani ya sikio. Watu wengi waliojaribu wanalalamika imefutika, na ukiwauliza walifanyaje unakuta hawakusafisha sikio. Nta na mafuta yote yatoke kwa pamba na spiriti, likauke. Kabla hujamgusa mnyama bana plaizi ya tatuu (ile yenye sindano za namba) kwenye karatasi kwanza uone namba zimekaa sawa, maana zikikaa kinyume hakuna kurudi nyuma. Paka wino, bana mara moja kwa nguvu sehemu isiyo na mshipa, achia, kisha ongeza wino na usugue kwa mswaki mpaka uingie kwenye vitobo, hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Baada ya hapo usioshe, liache lipone lenyewe. Sikio jeusi tumia wino wa kijani, na hata huo baadaye ukiwa hausomeki vizuri weka tochi ya simu nyuma ya sikio, namba inajitokeza. Plaizi isafishwe kila mnyama, damu ya huyu usimpelekee yule.

Nguruwe ni habari nyingine, wanatafunana hereni, kwa hiyo kwao nakata ukingo wa masikio wakiwa na siku moja hadi tatu. Sikio la kulia (la nguruwe mwenyewe, siyo kulia kwako ukiwa umemtazama usoni) ni namba ya uzao (watoto wote waliozaliwa pamoja), la kushoto ni namba ya mtoto. Kila sehemu ya ukingo ina thamani yake, 1, 3, 9, 27, na ncha ya sikio la kulia ni 81, halafu unajumlisha. Uzao wa 14 unakata 9, 3, 1 na 1. Mtoto wa tano 3, 1 na 1. Ukikata juu juu panajiziba, ukikata mikato miwili karibu sana inaungana inakuwa mmoja, na hapo hesabu yote imeharibika.

Chipu je? Kidude cha milimita 12 kinachokaa chini ya ngozi, namba tarakimu 15, ya Tanzania ikitumia namba ya utambulisho wa nchi inaanza na 834. Kwa beberu la mbegu ulilonunua hela nyingi, sawa. Kwa mbuzi wa kawaida sioni sababu, kwa sababu bila skana (mashine ya kuisomea) haisomeki na mnadani wengi hawana. Tena chipu inaweza kutembea mwilini, na huyu mnyama ataliwa, kwa hiyo kwa mbuzi ichomwe shina la mkia, siyo shingoni kwenye nyama.

Chapa ya moto kwa mbuzi na kondoo mimi sifanyi. Maumivu ni mengi, ngozi inaharibika, na manyoya yakiota unabaki kubahatisha kama ni 3 au 8.

Kuku, fupi tu: kifaranga wa siku moja anatobolewa utando kati ya vidole. Miguu miwili ina sehemu nne, kila moja unatoboa au unaacha, unapata alama 16 tofauti, zinatosha kutenganisha kuku wa jogoo huyu na wa jogoo yule. Cheki tena baada ya wiki kadhaa, maana vingine huwa vinajiziba.