Goti Linalalamika, Mfupa Umenyamaza

Mwezi wa Julai benchi la kliniki ya mifupa hapa Mbeya hujaa kabla jua halijapata nguvu. Wanaowahi ni watu wa magoti. Wamejifunga vitenge juu ya masweta, wanajikongoja, na kabla sijauliza chochote wameshanipa jibu: "Daktari, mifupa inasagana, ute umeisha." Wengi wameshakunywa maji ya bamia mwezi mzima na kununua kopo la vidonge vya kalsiamu. Mzee mmoja aliniambia hajakosa supu ya makongoro Jumapili hata moja tangu Pasaka.

Pembeni yao unamkuta mama wa miaka sitini na kitu, mkono umening'inizwa kwenye khanga. Shikamoo mama, imekuwaje? "Marahaba mwanangu. Niliteleza tu uani nikitoka kuanika mahindi, nikajishikiza kwa kiganja. Ni uzee huu." Kifundo cha mkono kimevunjika, na zaidi ya hapo haumwi popote. Hajui kwamba katika benchi zima huenda ni yeye peke yake mwenye ugonjwa ambao wale wengine wanahangaika kuutibu.

Ugonjwa huo kitaalamu unaitwa osteoporosisi, yaani udhaifu wa mifupa. Mfupa ni kitu hai. Una seli za kubomoa na seli za kujenga, na kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Hadi miaka 30 hivi ujenzi huushinda ubomoaji, kisha mizani huanza kugeuka taratibu. Kwa mwanamke hugeuka ghafla pale hedhi inapokoma: homoni ya estrojeni hushuka, na ndani ya miaka mitano hadi saba anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa aliokuwa nao. Hayo yote hutokea bila maumivu. Waliowahi kufungua gunia lililopitiwa na dumuzi watanielewa: hindi kwa nje bado ni hindi, ila ukilibana kwa vidole linakuwa unga.

Ndiyo maana nasema goti linalouma na mfupa uliodhoofika ni mambo mawili. Kwenye goti kinacholika ni gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kwenye miisho ya mifupa. Kalsiamu hairudishi gegedu. Bamia ni mboga nzuri na sina ugomvi nayo, lakini utelezi wake unameng'enywa tumboni kama chakula kingine; hakuna njia inayoupeleka gotini. Mtu anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja, sawa. Shida ni kwamba pesa hufuata maumivu, na ugonjwa usiouma haupati hata nauli ya kuja hospitali.

Wapo pia walioligundua hilo kibiashara. Karibu na masoko na stendi utaona hema au kibanda chenye kompyuta mpakato: unashika kifimbo cha chuma dakika moja, unapewa karatasi inayosema kalsiamu imeshuka, figo imechoka, na dawa ipo hapo hapo mezani. Kifaa hicho hakipimi mfupa. Kipimo cha uzito wa mfupa ni DXA, mashine inayotumia mionzi midogo kwenye nyonga na uti wa mgongo, na kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani jibu la alama hasi 2.5 au chini ya hapo, ukilinganishwa na mfupa wa kijana mwenye afya, ndilo udhaifu wa mifupa. Mashine hizo ni chache nchini. Eksirei ya kawaida nayo inaweza kukudanganya, kwa sababu mfupa hupungua karibu asilimia 30 ndipo picha ianze kuonyesha. Lakini mtu wa miaka 50 kwenda juu akivunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kutoka alipokuwa amesimama, hatuhitaji kusubiri mashine ili kuanza kumtibu. Akivunjika kifundo cha mkono, kama yule mama, hiyo peke yake inatosha kumfanyia uchunguzi kamili.

Turudi kwenye makongoro, maana hapa ndipo ninapobishiwa zaidi, hata nyumbani kwangu. Hoja ya watu ina mantiki: mfupa hujengwa na mfupa. Tatizo ni kwamba kalsiamu haitoki kwenye mfupa kwa kuchemshwa. Unachokunywa ni mafuta, chumvi na ile gundi inayoganda supu ikipoa. Kalsiamu yenyewe unawaachia mbwa. Ukikamulia limao inatoka kidogo, bado haifikii hata robo ya bilauri ya maziwa. Mfupa unaokujenga ni ule unaoutafuna na kuumeza, na huo tunao: dagaa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaopanda magari kutoka Kyela huliwa wazima na mifupa yao, na ni chakula cha mifupa kuliko sufuria zima la makongoro.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 miligramu 1,200. Bilauri ya maziwa ya mililita 250 ina karibu 300, na mtindi vivyo hivyo. Rungwe, Njombe na Iringa ni nchi za maziwa, ila ukiuliza nyumba nyingi utaambiwa maziwa ni ya watoto na yanayobaki ni ya kuuza. Bibi anakunywa chai ya rangi. Ulezi nao, ambao wengi sasa wanaujua kwa pombe tu, una kalsiamu kuliko nafaka zote tunazolima, mara nyingi zaidi ya mahindi. Una kitu kinachoifunga kalsiamu hiyo isifyonzwe, na wazee walishakitatua bila maabara: kuuloweka, kuuotesha kimea au kuuchachusha kabla ya kupika uji. Kwenye mboga, chainizi na figiri hutoa kalsiamu vizuri. Mchicha unayo nyingi lakini huishikilia, mwili unapata kidogo. Udongo wa kula ule wa sokoni haujengi mfupa wowote, na unazuia madini ya chuma, jambo baya hasa kwa mjamzito.

Vidonge vya kalsiamu vina watu wake: wasiopata ya kutosha kwenye chakula, na walio kwenye matibabu. Ukivimeza kwa wingi bila kipimo unaweza kujitengenezea mawe kwenye figo. Na mfupa ukishadhoofika, kalsiamu peke yake haiurudishi. Ni kama kumwaga matofali kwenye kiwanja kisicho na fundi.

"Jua tunalo la bure," huniambia. Ni kweli, na huku juu kwenye mita 1,700 lina nguvu. Lakini vitamini D, inayousaidia mwili kufyonza kalsiamu, hutengenezwa na ngozi iliyoguswa na jua, siyo sweta. Mzee wa Makete au Uporoto anayeshinda jikoni kwenye moto miezi yote ya baridi, au aliyekaa nyuma ya kioo cha dirisha, hapati kitu; kioo huzuia ile sehemu ya mwanga inayohitajika. Ngozi nyeusi nayo huchukua muda mrefu zaidi kuitengeneza. Mtoeni nje mchana, mikono na miguu iwe wazi.

Wakulima wana imani yao: jembe ni mazoezi, kwa hiyo mimi nimesalimika. Jembe limewasaidia kweli, mfupa unaobebeshwa mzigo hujijenga. Ila halizuii kukoma hedhi, wala halileti chakula ambacho hakikuliwa. Na kwa ambaye pingili zimeshadhoofika, kuinama na kunyanyua ndoo ya lita 20 kunaweza kuivunja moja papo hapo.

Wanaume hufikiri hayawahusu. Duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanaume mmoja kati ya watano waliopita miaka 50 huvunjika mfupa kwa udhaifu huu. Pombe ya kila siku hudhoofisha mfupa na pia humwangusha mwenye mfupa. Msimu wa ulanzi unaangukia masika, njia za mteremko zinateleza, na sisi wa chumba cha plasta tunajua msimu umeanza bila kuambiwa.

Jambo linalonitia hofu kuliko pombe ni prednisoloni na deksamethasoni, zile dawa kali za kushusha uvimbe na mzio. Watu hununua dukani bila cheti kwa ajili ya pumu, viungo, hata kunenepa, na baadhi ya "dawa za asili" zinazoondoa maumivu kwa siku moja huwa zimechanganywa nazo. Ukizimeza kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, mfupa unaliwa. Kama umeshazitumia muda mrefu, usiache kwa siku moja. Mwili unaweza kuzimia. Njoo tukupunguzie kidogo kidogo.

Kuna na hili la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza nchini kwa maambukizi, kwa hiyo minong'ono ya "dawa zinakula mifupa" hapa husikika sana. Tenofoviri, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza mfupa kidogo, zaidi katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha hali hutulia. Virusi vyenyewe bila dawa huharibu mfupa na kila kitu kingine. Usiache dawa. Mweleze mtoa huduma wako. Akiona sababu, mchanganyiko hubadilishwa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ni hivyo hivyo: hupunguza mfupa inapotumika, na sehemu kubwa hurudi ukiiacha.

Kibiongo cha bibi hatukioni kama ugonjwa. Tunasema amebeba kuni maisha yake yote. Mara nyingi ni pingili zilizobonyea, moja baada ya nyingine. Dalili nzuri ya nyumbani ni gauni: lililokuwa likifika kwenye fundo la mguu, sasa linaburuza. Ila kibiongo kinachokuja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au miguu kukosa nguvu kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho hakisubiri.

Mzee akianguka akashindwa kusimama na mguu umepinda nje, ni nyonga. Hapo watu hupoteza wiki kwa mfunga mifupa, kisha wiki nyingine wakisema apumzike kitandani. Nyonga inahitaji upasuaji, ikiwezekana ndani ya siku mbili, kwa sababu kitanda chenyewe huleta nimonia, damu kuganda na vidonda. Hata palipo na huduma nzuri, karibu mmoja kati ya watano hafiki mwaka.

Dawa zipo. Alendroneti humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu, na usilale kwa nusu saa baadaye isije ikachoma koo. Asidi ya zoledroniki hutolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Hupunguza kuvunjika kwa pingili kwa karibu nusu au zaidi. Madhara ya taya mnayosoma kwenye simu yapo, lakini ni nadra. Kabla ya kuanza, ng'oa jino bovu kwanza.

Yule mama wa khanga tulimwandikia vipimo vya kalsiamu na figo, kwa sababu dawa haianzwi bila hivyo. Nilimuuliza kuhusu gauni. Alicheka, akasema ameshalikunja pindo mara mbili, alidhani kitambaa kimelegea. Kisha akauliza maabara iko upande gani.