Si marufuku iliyouleta Mlima Fuji

Mimi ni mchonga chapa za mbao, na hadithi moja kuhusu chapa za Japani, yaani picha zilizopigwa kwa mbao za kuchongwa, hunichosha: kwamba serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ilipopiga marufuku picha za waigizaji na makahaba, wachoraji wakakimbilia kuchora milima. Tarehe zinakataa. Marufuku hiyo ni ya mwaka 1842. Mchoraji Hokusai alikuwa ameshaanza mfululizo wake wa Mlima Fuji tangu mwaka 1830 hivi, na mwenzake Hiroshige akafuata na picha za barabara kuu ya Tōkaidō miaka michache baadaye.

Kilichobadilika kwanza ni rangi. Buluu ya Prussia, iliyoingia kutoka nje, ilishuka bei mwishoni mwa miaka ya 1820. Buluu za zamani za mimea zilikuwa dhaifu. Hii ilikoza anga na bahari bila kufifia upesi. Mchapishaji akanusa biashara. Yeye ndiye aliyetoa mtaji na kuagiza kazi; mchoraji, mchongaji na mpiga chapa walifanya waliyoagizwa. Mfululizo wa Fuji ulitangazwa kuwa wa picha 36, ukauzika sana, zikaongezwa 10.

Ufundi wenyewe ulikuwa tayari. Tangu mwaka 1765, enzi za mchoraji Harunobu, kila rangi ilikuwa na ubao wake wa mcheri. Mpiga chapa alipaka rangi, akalaza karatasi, akasugua mgongo wa karatasi kwa kisahani kilichovikwa ganda la mwanzi. Karatasi ilielekezwa na alama mbili zilizochongwa ukingoni, ziitwazo kento. Zikikosewa unene wa ukucha tu, midomo ya mrembo inahamia shavuni. Naamini alama hizo zinastahili sifa kuliko nusu ya wachoraji tunaowasifu.

Sisemi mkono wa serikali haukuwa mzito. Kuanzia mwaka 1790 kila chapa ilihitaji muhuri wa ukaguzi. Mwaka 1804 Utamaro, bingwa wa nyuso za wanawake, alitiwa pingu siku 50 kwa kumchora mtawala wa zamani Hideyoshi. Baada ya mwaka 1842 mchoraji Kuniyoshi akageukia mashujaa wa kale na paka waliovaa kama watu. Mwaka 1843 alichora shujaa mgonjwa akiandamwa na mazimwi. Wanunuzi wakamwona shogun mwenyewe kitandani, na mchapishaji akaiondoa picha hiyo sokoni kwa hofu.