Kilimanjaro haikuwa zawadi ya bethidei

Ile stori kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake Kaiser (mfalme wa Ujerumani) Wilhelm mlima Kilimanjaro siku ya bethidei, ndo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale, sio kweli jamani. Huo mpaka Mwingereza na Mjerumani walikubaliana 1886, Wilhelm kawa Kaiser 1888, hesabu inagoma. Mjerumani aliudai mlima sababu 1885 mtu wao Juhlke alishasaini mkataba na Mangi (chifu wa Wachaga) Rindi wa Moshi, Mombasa ikabaki upande wa Mwingereza, mstari ukatoka pwani ukapita Ziwa Jipe ukauzunguka mlima kwa kaskazini. Kinachoniuma ni kwamba tusiposoma historia tunamfuta Rindi kabisa, mtawala aliyekuwa anaongea na watu wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza na Wajerumani kwa hesabu zake mwenyewe.