Silikoni imejaa ardhini, mbona inauzwa kwenye vidonge?

Ukiacha oksijeni, hakuna elementi iliyo nyingi kwenye gamba la dunia kuliko silikoni. Ni zaidi ya robo ya uzito wake. Mchanga wa kujengea, kioo cha dirisha, udongo wa mfinyanzi, hata maganda ya mpunga yanayokwaruza mkono, vyote vina silikoni iliyoungana na oksijeni. Na bado kuna watu wanaolipia vidonge vya silikoni, wakiahidiwa nywele nene, kucha ngumu na mifupa imara. Inakuwaje kitu tunachokikanyaga kila siku kigeuke bidhaa ya duka la dawa?

Jibu liko kwenye kuyeyuka. Utumbo hauwezi kufyonza chembe ya mchanga, hata isagwe iwe unga. Unachofyonza ni molekuli ndogo iitwayo asidi ya ortosiliki: atomi moja tu ya silikoni, imezungukwa na oksijeni na haidrojeni. Molekuli hii hupatikana polepole, maji yanapopita kwenye miamba na kung'oa kidogo kidogo. Ina tabia moja inayowasumbua watengenezaji: ikizidi kiasi ndani ya maji, molekuli hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa minyororo, mwishowe zikaganda kama uji. Zikishafika hapo, mwili hauna kazi nazo. Ndiyo maana baadhi ya virutubisho huchanganywa na kolini, kirutubisho kinachofanana na vitamini, ili asidi hiyo isigande, na ndiyo maana miligramu zilizoandikwa kwenye kopo hazikuambii mengi. Vidonge viwili vyenye kiasi kilekile vinaweza kutofautiana sana kwa kile kinachofika kwenye damu.

Chakula nacho kina mambo yake. Ndizi mbivu ina silikoni ya kutosha, lakini mwili huambulia chini ya asilimia 5 ya silikoni hiyo. Kwenye maji ya kunywa, karibu nusu hufyonzwa. Bia nayo imo, kwa sababu maganda ya shayiri yana silikoni na utengenezaji wake huiyeyusha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima bia 100 wakakuta kati ya miligramu 6.4 na 56.5 kwa lita. (Wanywaji wasishangilie: pombe nyingi hudhoofisha mifupa hiyohiyo.) Nafaka zisizokobolewa na maharage ni njia iliyo salama zaidi.

Wajawazito wengi Tanzania hula pemba, ule udongo unaouzwa sokoni, na kuna wanaoamini kwamba unaongeza madini mwilini. Silikoni imo kweli, maana udongo wa aina hiyo ni silikoni na alumini zilizofungamana na oksijeni. Lakini humo imefungwa barabara, na sehemu kubwa hutoka kama ilivyoingia. Kibaya zaidi, udongo unaweza kunasa madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula kabla mwili haujayachukua, wakati huohuo ukileta mayai ya minyoo au risasi, ile metali yenye sumu. Mama anayehitaji damu anapoteza pale anapodhani anapata.

Je, mwili unaihitaji silikoni? Mtu mzima anakadiriwa kuwa na gramu 1 hadi 2 mwilini. Mwaka 1972 mtafiti Edith Carlisle nchini Marekani alionyesha kwamba vifaranga waliolishwa chakula kisicho na silikoni walidumaa na mifupa yao ikawa na kasoro. Mwaka huohuo mtafiti mwingine, Klaus Schwarz, akaripoti jambo linalofanana kwa panya. Kwa binadamu ushahidi si mzito kiasi hicho. Mwaka 2004 uchunguzi wa watu 2,847 huko Framingham, Marekani, uliwakuta wanaume na wanawake ambao hawajakoma hedhi wakiwa na mifupa ya nyonga mizito zaidi kama walikula zaidi ya miligramu 40 za silikoni kwa siku, wakilinganishwa na waliokula chini ya 14. Tofauti ilifika asilimia 10. Kwa wanawake waliokoma hedhi, ambao ndio wenye hatari kubwa ya kuvunjika, uhusiano huo haukuonekana. Halafu uchunguzi wa aina hii hauthibitishi chanzo: huenda anayekula nafaka nyingi ana mazoea mengine mazuri.

Majaribio ya vidonge vyenyewe ni machache na madogo. Mwaka 2005 wanawake 50 walioharibiwa ngozi na jua walishiriki jaribio la wiki 20. Waliopewa miligramu 10 kwa siku walipata ngozi laini kidogo na kucha na nywele zisizokatika ovyo. Jaribio jingine, la 2008, lilidumu mwaka mzima kwa wanawake wenye mifupa iliyoanza kupungua. Dalili za utengenezaji wa kolajeni, protini inayoshikilia mifupa na ngozi, ziliongezeka kwenye damu, lakini kwa jumla uzito wa mifupa ya uti wa mgongo haukubadilika kwa kiasi cha kujivunia. Kwa maoni yangu, mwenye kucha zinazokatika anaweza kujaribu bila hofu kubwa, ila anayeogopa kuvunjika nyonga asiache dawa alizoandikiwa akakimbilia kopo hili.

Kuhusu usalama, silikoni iliyoyeyuka hutolewa na figo kwa mkojo ndani ya saa chache, kwa hiyo mwenye figo dhaifu huilimbikiza. Na wapo watu wanaoimeza bila kujua: vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, magnesiamu trisiliketi, hutoa silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) vikikutana na asidi ya tumbo, na kiasi kidogo huingia kwenye damu. Waliovitumia kwa miaka mingi mfululizo wamewahi, mara chache, kupata mawe ya figo yaliyotengenezwa kwa silika.