Mayai ya kuvuruga na mkate wa jana: epua mapema

Mimi ni mpishi wa chai ya asubuhi katika hoteli ndogo hapa Mji Mkongwe. Kila anayekuja kujifunza kazi jikoni kwangu namwanzisha na mayai ya kuvuruga juu ya mkate uliobanikwa, hata kama hamu yake ni biriani. Kwenye biriani kuna bizari na kitunguu cha kukaanga vya kusaidia. Yai lina chumvi na samli tu, basi moto ukizidi kidogo kila mlaji anajua.

Tuanze na jinsi linavyoiva. Ute huanza kushika kwenye nyuzi joto 62 hivi za Selsiasi, na kiini hukamata sawasawa karibu na 70. Chuma cha kukaangia kilichokaa juu ya moto mkali kinapita 150 bila tabu. Kwa hiyo kati ya yai laini na yai lililokakamaa pana nyuzi chache mno, na kwenye moto mkubwa unazivuka kufumba na kufumbua. Protini za yai zikikamatana kwa kiasi huyashika maji ndani yake. Zikikazana zinayakamua, na ndiyo yale majimaji unayoyakuta chini ya sahani, mkate umeshalowa.

Mkate wenyewe nataka wa boflo, tena wa jana. Wa leo asubuhi uleni na chai, ni mtamu hivyo hivyo. Kwa kubanika una unyevu mwingi, unachelewa kupata rangi na ndani unabaki kama umesinyaa. Wa jana wanga wake umeshajikaza, lakini ukipata moto unalainika tena ndani, huku nje ukikauka na kuwa wa kahawia. Ile rangi na harufu yake huja uso wa mkate ukipita nyuzi 140 hivi, na hauwezi kufika huko mpaka maji ya juu yatoke. Kata slesi nene ya kidole kimoja. Kwenye seredani subiri makaa yashike jivu, kisha weka wavu. Moto wenye ndimi unaunguza nje na kuacha katikati pabichi. Mwenye jiko la gesi atumie chuma kizito kikavu, bila mafuta. Samli ipakwe mkate ukishatoka.

Sasa mayai. Ukiwa na shaka na yai, litie kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama limeshakaa, kwa sababu maji yake yanatoka taratibu kwenye vitundu vya ganda na hewa inachukua nafasi. Linaloelea silitumii. Vunja mawili, tia chumvi, piga mpaka usione tena uzi wa ute, kisha yaache wakati unashughulika na mkate. Chumvi ikitangulia hivyo, mayai hubaki na unyevu zaidi yakiiva.

Weka chuma kwenye moto mdogo, tia samli kijiko kimoja cha chai. Mimina mayai. Yakilia kwa nguvu, inua chuma haraka, moto umezidi. Sukuma kwa mwiko kutoka ukingoni kuja katikati, polepole, bila kukoroga kama uji. Mwanzo huoni kitu. Halafu yanatokea mabonge laini, na njia ya mwiko inaanza kubaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Hapo tazama ung'avu: uso ukiwa bado unameta na kuteleza, epua. Najua moyo unakuambia bado. Epua tu, maana chuma kina joto lake na mayai yanaendelea kuiva mpaka yafike kwenye sahani.

Maziwa sitii, yanaongeza maji tu. Nikitaka ulaini zaidi natia kijiko cha tui zito la kwanza, kwa sababu mafuta yake yanazuia protini zisikazane. Nazi inasikika kwa mbali na inapendana sana na pilipili manga ya kusagwa papo hapo.

Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, usiepue mapema. Mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na kwao ni hatari kubwa. Yapike yashike yote, yafike nyuzi 71, pasibaki umajimaji. Hapo ndipo lile tui linapofanya kazi khasa: mayai yameiva kabisa na bado mgonjwa asiye na hamu ya kula anayameza bila taabu.

Chai ya iliki iwe imeshamiminwa na mtu ameshakaa kabla hujavunja yai la kwanza. Mayai haya yakikaa juu ya mkate wa moto yanazidi kukaza, na mkate nao unaanza kulainika, basi asiyekuwa tayari mpikie baadaye.