Suke la malisho lisikudanganye

Kila mwaka mvua zinapoelekea ukingoni huku Kanda ya Kati ya Tanzania, wafugaji hutuletea mbegu za nyasi za malisho ziitwazo Cenchrus ciliaris tuzipime kama zitaota. Gunia limejaa pomoni, lakini ukilinyanyua ni jepesi kama sufi. Namwaga kiganja kimoja juu ya kipande cha mpira, nasugua kwa ubao, kisha napuliza. Manyoya yote yanapeperuka. Kinachobaki ndiyo mbegu, na mara nyingi kuihesabu hakuchukui muda.

Mwenye gunia huanza kulaumu udongo, au aliyemuuzia mbegu ya kwanza. Mimi huuliza swali moja: ulivuna siku gani?

Punje changa ukiiminya kwa ukucha hutoa maji. Siku chache baadaye hutoa maziwa, halafu inakuwa laini kama unga uliokandwa, na mwishowe inaukataa ukucha. Muda wote huo mmea unaijaza chakula. Ukivuna kwenye maziwa, punje ikikauka inasinyaa, na hata zile chache zitakazoota hazivumilii kukaa ghalani. Kwa hiyo subiri ikaze. Tatizo ni kwamba ikishakaza, haikusubiri wewe.

Mahindi yanakusubiri shambani kwa sababu kwa maelfu ya miaka watu wamekuwa wakichagua yale yasiyopukutika. Nyasi za malisho bado zina tabia za porini: punje ikikomaa, kikonyo chake kinajikata na upepo unamaliza kazi. Tena suke moja halikomai kwa pamoja. Kwenye Cenchrus huanza kupukutika kileleni huku sehemu ya chini ikiwa bado mbichi, na shina hilohilo linaendelea kutoa machipukizi yenye masuke mapya. Shamba unaloliona limependeza, masuke yamesimama yote, huenda halijafika. Likishageuka rangi ya majani makavu, mbegu nzuri ziko chini na sisimizi wanazijua kuliko wewe.

Nyasi za Rhodes, aina nyingine ya malisho, ndizo zenye hila zaidi. Mbegu ikianguka, vijiganda vya chini hubaki vimeng'ang'ania kwenye suke, kwa hiyo ukiwa mbali unaona suke zima. Ingia ndani ya shamba. Pitisha vidole kwenye masuke kumi ya sehemu tofauti, kutoka chini kwenda juu, ukivuta kidogo tu. Zisipoachia, rudi baada ya siku mbili tatu. Zikiachia za kileleni kwa urahisi na punje ndani ni ngumu, usingoje kesho.

Anayevuna kwa mkono apite shambani zaidi ya mara moja, akichuma zilizokomaa na kuziacha zinazofuata. Anayefyeka kwa mkupuo mmoja hawezi kukwepa hasara. Anachoweza ni kuipunguza, na kazi hiyo huanza mapema: fyeka shamba zima kwa usawa mvua zikishakolea, weka mbolea ya naitrojeni, ili machipukizi yatoke kwa wakati mmoja na masuke yakaribiane umri. Nimeona watu wakiruka hatua hii kwa kuona uchungu wa kukata majani mabichi. Ninawaelewa, ila ng'ombe wanaweza kuyala hayo majani.

Baada ya kuvuna, tandaza mbegu kivulini juu ya turubai, tabaka jembamba, na uzigeuze mara kwa mara siku za mwanzo. Rundo la mbegu mbichi hupata joto lenyewe. Ingiza mkono katikati. Ukihisi uvuguvugu, zinaungua.

Kisha kuna jambo linalowakatisha tamaa hata waliovuna vizuri. Cenchrus iliyovunwa karibuni hulala. Ukiipanda mwezi uleule, inaweza isiote kabisa, nawe ukaitupa ikiwa hai. Ihifadhi pakavu miezi 6 hadi 12 ndipo uipime: punje 100 zilizochambuliwa, karatasi yenye unyevu, sahani, wiki mbili.

Kwa hiyo kila gunia liandikiwe kabla halijaingia stoo: tarehe ya kuvuna, shamba gani, mchumo wa ngapi. Tumia kalamu ya risasi kwenye kadi na uitie ndani ya gunia, maana kadi iliyoandikwa kwa wino hufutika na iliyofungwa nje huliwa na panya.