Hofu Pekee Haimzuii Mtoto Kuvuta Sigara
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba mwanafunzi akionyeshwa picha ya mapafu meusi hatagusa sigara maishani mwake. Tafiti zinaonyesha kuwa kuelezwa madhara pekee hakutoshi, kwani kijana wa miaka 14 haogopi saratani ya uzeeni kama anavyoogopa kuchekwa na wenzake leo. Kinachosaidia zaidi ni kumzoeza, hata kwa maigizo darasani, kuikataa sigara anayopewa na rafiki nyuma ya vyoo vya shule, pamoja na kuwa na wazazi wasiovuta na bei iliyo juu. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na hata kuuza sigara mojamoja. Inasikitisha kwamba vibandani bado huuzwa hivyo, na pesa ya mandazi humtosha mtoto kuinunua.